Kabla brashi haijagusa ukuta wa Bagamoyo

Chukua mchoro unaotaka kuuweka mjini, kisha uuhamishe kichwani. Mnazi, jahazi, mlango wa nakshi, mtu mwenye mnyororo shingoni: upeleke Tanga, upeleke Kilwa Kivinje, upeleke Malindi. Kama kila unapoufikisha unaeleweka vilevile, basi huo si mchoro wa Bagamoyo. Ni picha ya pwani iliyotafutiwa ukuta. Kazi nyingi za sanaa ya mahali huanguka kwenye mtihani huu, na si kwa uhaba wa vipaji, maana wachoraji hodari tunao. Zinaanguka kwa sababu picha hutangulia, ukuta hutafutwa baadaye, na historia huja mwisho kabisa, kwenye kibao.

Hapa nataka kueleza jinsi ya kufuata mpangilio wa kinyume: mahali kwanza, kisha jambo lililotokea mahali hapo, kisha nyenzo za mahali hapo, na picha mwisho. Mfano wangu ni Bagamoyo, ila mambo ya chokaa na chumvi ni yaleyale Pangani, Mikindani na Lamu.

Mji wa mizigo

Ngome Kongwe ilijengwa mwaka 1860. Misheni ya Wakatoliki ikaja 1868. Mwili wa Livingstone ukapitishwa Februari 1874. Wajerumani wakaifanya Bagamoyo makao makuu yao mpaka 1891 walipohamia Dar es Salaam, na Boma lao likakamilika 1897. Tarehe hizi kila mwongoza watalii anazo. Lakini kilichoujaza mji huo watu, vilio, ngoma na biashara ni wapagazi. Walishuka kutoka bara kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi waliokuwa wakibeba kwa ujira, wakitembea kilomita zaidi ya 800 kutoka upande wa Tabora wakiwa na pembe za ndovu mabegani, na walirudi na vitambaa vya merikani na kaniki, shanga na masango, yaani nyaya nene za madini. Watumwa nao walipitishwa hapo, na hilo halifutiki. Ila mji ukichorwa minyororo tu, wapagazi wanafutwa mara ya pili.

Hata jina lenyewe lina mvutano huo. Bwaga moyo: kwa mpagazi aliyemaliza safari ya miezi, ni kutua mzigo na kupumzisha roho. Kwa aliyeletwa kwa nguvu na anayeingojea jahazi, ni kuuacha moyo wake bara. Tafsiri zote mbili zinasemwa mjini mpaka leo. Msanii anayechagua moja na kuichonga kwenye jiwe amewanyang'anya wenyeji mazungumzo yao. Kwa maoni yangu kazi nzuri ya Bagamoyo iache kitenzi peke yake, *bwaga*, na imwachie mtu mwenyewe ajue anabwaga nini.

Sasa tafuta kitu ambacho hakihamishiki. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila. Frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16, na mpagazi alibeba kama frasila mbili. Vitambaa vilikazwa na kufungwa kwa urefu, mfano wa mto wa mviringo, na mzigo huo ukaitwa mtumba. Ndilo neno lililobaki sokoni kwetu kwenye nguo za mitumba. Hapo una uzito, umbo na neno linalosemwa kila siku na watu wanaopita barabarani. Huhitaji kuchora sura ya mtu yeyote. Tengeneza mtumba wenyewe, uweke kwenye njia inayotoka bara kuelekea forodhani, na mpita njia aunyanyue.

Namna ya kuutengeneza ni hii. Nunua bomba la plastiki la maji taka la milimita 160. Pima kipenyo cha ndani mwenyewe, usiamini maandishi ya dukani; mara nyingi ni kama milimita 152. Kata kipande cha sentimita 76. Ujazo wake ni lita 13.8 hivi, na kwa kuwa zege lililoshindiliwa vizuri lina kilo 2.3 kwa lita, unapata kilo 32 kasoro kidogo, yaani frasila mbili. Lipasue bomba kwa urefu pande mbili, rudisha vipande pamoja, vifunge kwa waya sehemu 4, paka mafuta ndani, kisha lisimamishe juu ya ubao uliotandikwa nailoni. Zege liwe saruji 1, mchanga 2, kokoto 3, na kokoto zisizidi milimita 12, liwe zito kiasi kwamba ukilibana mkononi linashikana bila kutiririsha maji. Jaza kwa tabaka 4, na kila tabaka ulishindilie kwa kipande cha nondo mara 25. Ukiruka hatua hiyo, zege linabaki na matundu ndani, uzito unashuka na uso unatoka kama mkate wa kumimina. Toa bomba baada ya siku 2, funika kwa magunia yenye maji siku 7 kwa uchache, kisha pima kwenye mizani. Likizidi uzito, saga ncha. Likipungua, usiweke viraka. Tengeneza jingine, kwa sababu uzito ndio kazi yenyewe.

Usitie nondo ndani ya zege hilo. Hewa ya bahari inapenya, chuma kinashika kutu, kutu inavimba na kupasua zege kutoka ndani. Kipande kifupi kama hiki hakihitaji chuma hata kidogo. Ncha zizungushwe kwa jiwe la kusagia, kwa sababu pembe kali ndizo za kwanza kumeguka na ndizo zinazojeruhi.

Mitumba 6 inatosha. Usiilaze chini, maana kunyanyua kilo 32 kutoka ardhini huumiza migongo. Ilaze juu ya baraza fupi la mawe la sentimita 60 hadi 70, kwenye mfereji wenye kina cha sentimita 5 ili isibiringike, na pande zote mbili za mfereji acha nafasi ya sentimita 10 ya kupitisha mikono. Nafasi hiyo ikisahaulika, vidole vya watoto ndivyo vinavyobanwa.

Kisha litakuja pendekezo kutoka kwa mtu mwenye nia njema: tuifunge kwa mnyororo isiibiwe. Kataa. Mnyororo Bagamoyo si kifaa cha ulinzi tu. Ukiufunga kwenye mzigo wa mpagazi wa ujira umebadilisha historia yote kwa shilingi elfu chache za mnyororo. Zege halina bei kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mtu akiubeba mtumba mmoja akaenda nao, bomba la kumiminia lipo na mwingine unamiminwa kesho yake. Gharama hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Majina na miguu

Kwa kumbukumbu za majina ya watu, mfano unaotajwa sana ni mawe ya Gunter Demnig, Mjerumani aliyeanza kazi hiyo Cologne mwaka 1992. Kila jiwe ni kipande cha zege cha kama sentimita 10 kwa 10, juu kimevikwa bamba la shaba ya manjano lenye herufi zilizogongwa kwa mkono, na huzikwa usawa wa njia mbele ya nyumba ambako mtu aliyeteswa na Wanazi aliishi mwisho kwa hiari yake. Maneno huanza kwa "Hapa aliishi". Mwaka 2023 yalifika 100,000. Moja liko Brunnenstraße 193, Berlin, na liliwekwa mwaka 2007 kwa ajili ya Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana pia kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari angali mtoto katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akahamia Berlin 1929, akawa mhudumu, mwigizaji wa filamu na mwalimu wa Kiswahili. Alikamatwa 1941 na kufia kambi ya Sachsenhausen tarehe 24 Novemba 1944. Mswahili anayepita Berlin na akajua historia hiyo hasogei haraka mahali pale.

Nguvu ya mawe hayo ni udogo wake na ukweli wa anwani. Lakini usiyahamishe kama yalivyo. Hata Munich iliyakataa kwenye njia za manispaa, na hoja kubwa ilikuwa kwamba majina ya waliouawa yatakanyagwa. Katika mji wetu wa pwani hoja hiyo ina uzito wa ziada. Jina kama Abdallah au Abdulrahman limebeba jina la Mwenyezi Mungu, na hakuna mzee atakayekubali likae chini ya kandambili na kwato za mbuzi. Jina lipande ukutani, kimo cha macho, kama sentimita 150 kutoka ardhini. Kwa chini tumia alama isiyo na jina: duara la jiwe, mstari wa kokoto nyeupe, alama ya mguu.

Na shaba ukutani ina matatizo yake mawili. La kwanza ni wizi, kwa kuwa ina bei. La pili ni kwamba mvua na chumvi vinaitoa kijani kinachotiririka kwenye chokaa nyeupe, na michirizi hiyo haitoki. Kigae cha udongo kilichochomwa na kupakwa rangi ya kioo, ile inayoganda tanuuni kuwa ngozi ngumu inayong'aa, kinadumu zaidi, na kina asili hapa hapa. Nenda Kaole, kilomita 5 hivi kusini mwa mji, uyaangalie makaburi ya minara. Utaona vishimo vya mviringo kwenye lipu, vimepangwa vizuri, kila kimoja ukubwa wa kitako cha bakuli. Humo ndimo bakuli za kaure zilizoletwa kwa bahari zilikuwa zimepachikwa. Bakuli nyingi zimeng'olewa, lakini alama ya chokaa iliyozishika bado ni safi, na ukikaribia unaona hata ukingo wa kisigino cha bakuli ulivyojichapa. Hiyo ndiyo sanaa ya ukutani ya mji huu, na mbinu yake inafanyika leo: loweka kigae usiku kucha ili kisinyonye maji ya chokaa, kwangua mgongo wake mpaka rangi ya kioo ikatike, kisha kizamishe kwenye chokaa mbichi mpaka theluthi mbili ya unene. Ukikibandika kavu juu ya lipu iliyokauka, kitadondoka kabla ya vuli.

Ukuta

Sasa sehemu inayoua kazi nyingi zaidi. Kuta za mji wa kale ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, bila kizuizi cha unyevu kwenye msingi. Maji yanapanda kutoka ardhini, yanabeba chumvi, na yanatoka kwa kuvukizwa kupitia lipu ya chokaa. Ukuta unapumua, ndivyo mafundi wanavyosema, na wanasema kweli. Ukiuvika saruji au rangi ya plastiki ya ndoo, umeuziba. Maji hayaishi. Yanapanda juu zaidi yakitafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya lipu, fuwele zinavimba, na siku moja kipande cha meta nzima kinaanguka kikiwa kimeshika uso wa jiwe. Mchoro wako umo ndani ya kipande hicho.

Kabla ya kuchora chochote, bandika nailoni ya sentimita 50 kwa 50 kwa gundi ya karatasi pande zote, uiache siku 2. Ukikuta matone upande wa ukuta, unyevu upo. Fanya hivyo kimo cha sentimita 30, 100 na 200. Kwa kawaida meta moja ya chini ndiyo mbovu, wakati mwingine meta moja na nusu. Sehemu hiyo usiichore. Iache ipakwe chokaa nyeupe kila mwaka, maana hata bila unyevu ndiko baiskeli zinakoegemezwa, migongo ya wakaa barazani inakosugua, na Lamu ndiko punda wenye mizigo wanakokwangua kona za nyumba. Mchoro uanze juu ya hapo.

Angalia pia paa. Mfereji wa bati unaovuja utashinda rangi yoyote duniani. Bati la shilingi chache likirekebishwa kabla ya kazi, linaokoa zaidi ya dawa zote za kuzuia unyevu zinazouzwa kwenye makopo.

Halafu usiku, kabla fundi hajabandua lipu mbovu, pitisha tochi ubavuni mwa ukuta, mwanga ukilala sambamba nao. Kwenye majengo ya kale ya pwani, kama ya Kilwa na Songo Mnara, watu walikwaruza picha za majahazi kwenye lipu, na mchana mwanga wa moja kwa moja unazificha kabisa. Ukiona mstari wowote uliokwaruzwa kwa mkono, simamisha kazi hapo, piga picha, waite watu wa Idara ya Mambo ya Kale. Mtu mwingine alishafanya sanaa ya mahali kwenye ukuta huo, na yeye ana haki ya kwanza.

Mbinu inayofaa ukuta wa namna hii ni rangi ya unga juu ya lipu ya chokaa mbichi. Chokaa inapokauka inavuta hewa na kurudi kuwa jiwe, na rangi inabaki ndani ya jiwe hilo badala ya kukaa juu yake kama ngozi. Haichubuki kwa sababu hakuna cha kuchubuka.

Chokaa ya tanuu, iliyochomwa kwa matumbawe na magogo, ndiyo asili, lakini matumbawe mapya siyo ya kuchimbwa tena kwa ajili ya picha. Tumia chokaa ya mfuko ya dukani, safi, isiyochanganywa saruji. Ichanganye na maji mpaka iwe kama maziwa mgando mazito, ipitishe kwenye chekeche, uiweke kwenye pipa la plastiki na maji ya vidole vinne juu yake. Wiki 3 ni kiwango cha chini. Miezi 3 ni bora sana. Inayotumiwa siku hiyohiyo ina chembe ambazo hazijazimika, na zinapozimikia ukutani zinavimba na kurusha vipande vidogo vya uso, kila kimoja kikiacha kishimo chenye nukta nyeupe katikati. Ukiona ukuta umejaa nukta hizo, jua pipa lilifunguliwa mapema. Vaa glavu na miwani. Chokaa jichoni ni jambo la hospitali.

Mchanga uwe wa mtoni, wenye chembe kubwa na ndogo. Wa ufukweni una chumvi. Kama hakuna mwingine, uoshe kwa maji baridi mara 3, na hata hivyo usiutumie kwenye tabaka la mwisho.

Kwa mchoro wa meta 2 kwa 3, yaani meta 6 za mraba, na lipu ya jumla ya milimita 25, unahitaji kama ndoo 10 za lita 20 za mchanga na ndoo 3 na nusu za chokaa. Kiasi hicho kimeshahesabu mabonde ya mawe na kinachodondoka. Uwiano ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Lowesha ukuta jioni na asubuhi yake tena, kwa sababu matumbawe makavu yananyonya maji ya lipu na kuiacha unga. Tabaka la kwanza ni la kurusha kwa mwiko, milimita 12 hivi, uso uachwe mkwaruzo. Ngoja siku 7 hadi 10 ukinyunyiza maji na kutundika magunia mabichi. La pili milimita 8 hadi 10, na kungoja kulekule. La mwisho ni milimita 3 hadi 5, mchanga umechekechwa laini na chokaa imeongezwa kidogo, na hili hupigwa siku ileile ya kuchora, sehemu kwa sehemu.

Hapo joto la pwani linaingia. Vitabu vya nchi za baridi vinakupa saa nyingi. Hapa, kwenye ukuta unaopigwa jua, una saa 4 au 5. Anza saa 11 alfajiri, na usipige lipu zaidi ya meta moja ya mraba, au moja na robo, kwa siku. Mchoro wetu unakuwa kazi ya siku 5 au 6 za kuchora, fundi lipu mmoja na wachoraji wawili. Mipaka ya kila siku ipite kwenye mistari ya picha, kama ukingo wa tanga au mkunjo wa kitambaa. Ukikata katikati ya anga au ya uso wa mtu, kiungo kitaonekana milele. Chora kwanza kwenye karatasi ya kaki kwa ukubwa kamili, toboa mistari kwa sindano, gusisha kwa kitambaa chenye vumbi la mkaa. Lipu iko tayari ukigusa kwa kidole na isikufuate kidole, lakini bado baridi.

Rangi zinazokubali chokaa ni za madini: nyekundu na manjano za udongo au oksidi, nyeusi ya mkaa, nyeupe ya chokaa yenyewe. Bluu ni mtego. Bluu ya kifaransa ya unga inavumilia, ila ile ya Prussia inakufa ndani ya chokaa, na bluu ya kufulia ya siku hizi huwezi kujua imetengenezwa kwa nini. Jaribu kila rangi kwenye kipande cha lipu cha sentimita 30, kiache juani wiki 4 nusu yake ikiwa imefunikwa. Rangi ichanganywe na maji ya chokaa, nyembamba, mara nyingi. Inakauka ikiwa nyepesi sana kuliko ulivyoipaka, na anayeogopa hilo huzidisha unga, na unga uliozidi chokaa haiushiki. Ukipitisha kiganja unakuja nao.

Msimu ni kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli. Ila kusi nayo inakausha vibaya. Turubai liwekwe upande wa upepo, si juu tu.

Mbele ya msikiti, chagua maandishi, vyombo na nakshi. Sura za watu zipelekwe mtaa mwingine. Hili halihitaji mjadala mrefu.

Ruhusa ya nani

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya 1863, na mengine yanaweza kutangazwa kuwa ya kulindwa. Kwa hiyo Ngome Kongwe si ukuta wa mtu kujipangia. Barua ya Mambo ya Kale, ya halmashauri na ya serikali ya mtaa ni za kutafuta mapema, zikiwa na mchoro, orodha ya nyenzo na maelezo ya jinsi kazi itakavyoweza kuondolewa bila kuumiza jiwe. Hapo lipu ya chokaa ina faida nyingine: inabanduka.

Ugumu wa kweli uko kwenye nyumba za watu. Nyumba nyingi za mji wa kale ni za mirathi isiyogawanywa, au ni wakfu. Anayekaa ndani si lazima awe msemaji. Ukipata ndiyo ya mjomba mmoja aliye barazani, shangazi aliye Unguja na ndugu walio Muscat wanaweza kuikuta picha kwenye simu zao na kukasirika kwa haki, na mchoro ukapakwa rangi ndani ya wiki. Omba familia iorodheshe warithi, iteue msemaji mmoja kwa maandishi, na karatasi iseme mambo manne: kazi itakaa miaka mingapi, nani ataitunza, familia ikitaka kuuza au kubomoa itakuwaje, na picha za kazi hiyo zikiuzwa fedha ni za nani. Kwa wakfu, mtu wa kuongea naye ni msimamizi wa wakfu.

Simulizi nazo zina utaratibu. Waulize wazee wasiopungua watatu, wa mitaa tofauti, kila mmoja peke yake. Ukiwaweka pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye anayekuwa historia. Mwulize mtu alama kabla ya tarehe: nyumba hii ilikuwa ya nani kabla ya huyu, kisima kilikuwa wapi, njia ilipita wapi kabla ya lami. Yale wanayopatana yanaweza kwenda ukutani kama taarifa. Wanayopishana yaende kama simulizi, yakianza kwa "Wazee husema". Yapo masimulizi ya njia ya chini kwa chini kutoka Ngome Kongwe mpaka ufukweni. Yanastahili kusimuliwa. Hayastahili kuandikwa kama ramani.

Maandishi yenyewe yawe ya Kiswahili kwanza na kwa herufi kubwa kuliko lugha nyingine, maana mwenye mji ndiye msomaji wa kwanza. Maneno 40 hadi 60, herufi za milimita 20 kwa msomaji aliyesimama meta 2. Mpe mwalimu wa shule ya msingi ya karibu ayasome kabla ya kuchomwa kwenye kigae. Kosa la tahajia kwenye kigae halifutiki kwa kifutio.

Baada ya masika ya kwanza

Bajeti iwe na fungu la matunzo, kwangu mimi isipungue sehemu moja ya kumi ya gharama yote, na likabidhiwe pamoja na vitu: pipa la chokaa lililobaki likiwa limefunikwa maji, kopo la kila rangi lenye jina na kipimo chake, na daftari la mchanganyiko. Nakala moja ibaki kwa mtendaji, nyingine kwa fundi lipu wa hapo mtaani. Chuo cha sanaa, TaSUBa, kipo palepale mjini, na wanafunzi wake wanaweza kufundishwa ukaguzi kwa asubuhi moja.

Ukaguzi ni Juni, ukuta ukiwa umeshiba maji ya masika. Gonga kwa fundo la kidole, mstari kwa mstari kila sentimita 20. Mlio mkavu na mfupi ni mzima. Mlio wa boga maana yake lipu imeachana na jiwe. Zungushia eneo hilo kwa chaki. Kama ni dogo kuliko kiganja, toboa tundu la milimita 3 kwenye sehemu nyeusi ya picha, ingiza maji kwa sindano kubwa ya hospitali, kisha chokaa nyembamba iliyochujwa kwa kitambaa, bana kwa ubao na sponji usiku mmoja. Kama ni kubwa, usilijaze. Tafuta kwanza maji yanaingilia wapi, maana boga kubwa huwa na mfereji uliopasuka juu yake.